Nusu ya Kichwa

Msichana akiitwa na mpenzi wake mchana wa Jumapili, akaambiwa aje peke yake na asimwambie mtu yeyote, ana haki ya kuvaa gauni la bluu. Sidhani kama kuna mahakama itakayomhukumu. Ana haki pia ya kujipulizia manukato ya dada yake bila ruhusa, na ya kufanya mazoezi njiani ya namna ya kushtuka. Mimi niliyafanya hadi mama mmoja aliyekuwa akianika nguo akaniuliza kama ninaumwa. Mpango ulikuwa kuweka mkono kifuani, kuinamisha macho, kisha kusema, "Mungu wangu, sikutegemea!" kwa sauti ya mtu ambaye kweli hakutegemea.

Mlango wa duka la kinyozi alikoniita Ngazi ulikuwa umerudishwa tu. Nikausukuma, nikaingia, nikaurudisha.

Ngazi alikuwa amesimama katikati ya chumba. Jina hilo alipewa kwa sababu ya urefu wake, na mtaani kwetu hakuna aliyehangaika kununua ngazi tangu kijana huyu alipoota ndevu. Balbu ikiungua, anaitwa yeye. Alikuwa amefagia sakafu hadi inang'aa. Amewasha feni. Amefuta vioo vyote viwili, ule mkubwa wa ukutani na ule mdogo wa kushika mkononi. Na mkono wake wa kulia ulikuwa umejificha nyuma ya mgongo.

Moyo wangu ukaanza fujo.

"Redio," aliniita. Ndivyo anavyoniita, kwa sababu ambayo wasomaji watakuwa wameshaigundua.

"Abee," nilijibu, kwa upole ambao mama yangu hajawahi kuuona maishani mwake.

"Nina jambo nataka kukuomba. Ukikataa, sitakulaumu."

"Omba tu."

Aliniangalia. Ngazi ana macho ya kumfanya mtu asahau alichotumwa dukani. Yanatulia juu yako kama hayana safari nyingine. Kwa miaka miwili macho hayo yalinisubiri kituoni kila shule ilipofungwa, na bega lake likalibeba sanduku langu la bati hadi nyumbani, bila yeye kusema zaidi ya "karibu" na "zito hili". Nikaona ule mkono uliofichwa unaanza kusogea. Nikapandisha mkono kifuani, tayari.

Akatoa mkono wake nyuma. Ulikuwa umeshika mashine ya kunyolea.

"Ninyoe," alisema. "Kipara. Kesho asubuhi naripoti kambini."

Mkono wangu ulibaki pale kifuani, hauna kazi.

"Kambi gani?"

"Ya jeshi, Redio. Kwani kuna nyingine?"

"Ipo ya kwaya!" nilipaza sauti. "Ipo ya skauti! Zipo kambi nyingi tu ambazo mtu mwenye akili anaweza kwenda akarudi wiki ijayo!"

"Punguza sauti, baba amelala."

Baba yake ndiye mwenye duka, na nyumba yao iko nyuma ya duka hilo, mlango kwa mlango. Mtaa mzima unamwita Fundi, kana kwamba mafundi wengine wote wanajaribu tu. Nilipunguza sauti. Sikupunguza hasira.

"Na kwa nini nikunyoe mimi? Wewe ni kinyozi, mtoto wa kinyozi, mjukuu wa kinyozi. Umekosa wa kukunyoa?"

Alikaa kwenye kiti cha wateja, kile cha kuzunguka, magoti yakamfika kifuani. Akanieleza. Alimwambia baba yake tangu wiki iliyopita. Fundi hakupiga kelele. Alivaa kofia, akatoka, akapita kwa vinyozi wote wa eneo hili, ambao kila mmoja alijifunza kazi katika kiti hichohicho, akawaambia jambo moja: atakayemnyoa mwanangu aende jeshini, tusijuane. Hakuna aliyethubutu.

"Na ukienda na nywele zako?"

"Wanaofika na nywele wananyolewa getini. Koplo ana mashine butu, watu wote wanatazama." Akainamisha kichwa. "Mtoto wa Fundi, anyolewe na koplo?"

Alisema hivyo kwa uchungu ambao angeutumia kuniomba uchumba, sasa hivi tungekuwa tunachagua kumbi.

"Kwa hiyo," nilisema polepole, "yule anayenyoa pale sokoni anajua unakwenda jeshini. Yule mwenye jino la dhahabu anajua. Yule anayekata watu masikio anajua. Wote wanajua tangu wiki iliyopita. Na mimi nimekuja na gauni la bluu."

"Umependeza."

"Usinibadilishie mada!"

"Ni wewe tu unayeweza," alisema. "Ulikuwa unanyoa bweni zima."

Hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa pigo la chini. Shuleni kwetu nilikuwa kinyozi wa siri wa bweni, kazi takatifu niliyoifanya bafuni kwa mashine iliyoishi ndani ya mkate uliotolewa nyama yake ya katikati. Matroni aliukagua mkate huo muhula mzima, kwa nje, na kunisifu kwa kutokuwa mlafi. Mashine yenyewe alinipa Ngazi. Ndiyo zawadi yake ya kwanza kwangu. Wenzangu walipewa maua.

Nikamvisha kitambaa cha kufunika. Nikakikaza shingoni kuliko inavyotakiwa kitaalamu.

"Nitakunyoa," nilisema. "Lakini utanijibu. Kwa nini unakwenda?"

"Kulitumikia taifa."

Nikawasha mashine, nikaizima, ili acheke. Hakucheka.

"Ngazi, wewe ndiye uliyenifundisha kuhusu watu wa taifa." Maana vijana wa eneo letu wote wanaokwenda jeshini hunyolewa katika kiti kile, na mtu akiwa chini ya mashine husema yaliyomo moyoni. Ngazi alikuwa akinisimulia. Yupo aliyekwenda kwa sababu hajawahi kupata viatu vinavyomtosha, akasikia jeshini wana saizi zote. Yupo aliyekuwa anakimbia shangazi watatu, wote wanaishi nyumba moja naye, wote wanaimba. Mmoja alifuata pacha wake. Mwingine alitaka tu mtu amwamshe asubuhi, kwa sababu tangu mama yake afariki hakuna aliyejali kama ameamka. Huyo Ngazi alimnyoa taratibu sana, aliniambia, ili asimalize haraka. "Ukasema," nilimkumbusha, "anayetaja taifa kwanza ndiye anayeficha. Haya, fichua."

"Anza kunyoa, muda unakwenda."

Nikaanza. Nywele za Ngazi ni nyingi na laini, na niwaambie ukweli, mara ngapi nilikuwa nimetamani kupitisha vidole humo. Sasa nilipitisha, na kila nilipopita zilidondoka. Niliona ni dhuluma. Mstari wa kwanza, paji la uso hadi kisogoni. Mstari wa pili. Shingo yake ilikuwa na joto. Sikutaka kulijua joto lake siku hiyo.

"Ni mama yangu?" niliuliza.

Akajifanya anapanga kitambaa magotini.

"Ngazi, ni mama yangu? Ni kwa sababu alisema hamwozi binti yake aliyesomeshwa kwa kijana anayeshika vichwa vya watu kutwa?"

"Aliniambia pia angependa mkwe mwenye kazi yenye kofia."

"Mama yangu angependa mambo mengi! Angependa nisiongee wakati wa kula! Wewe unakwenda kulala kwenye mahema, kupigiwa filimbi, kutambaa chini ya seng'enge, ili mama yangu aone kofia? Ningemnunulia kofia mimi!"

"Si mama yako," alisema. "Kidogo tu. Si yeye."

"Basi ni nani?"

"Si mtu."

"Ni nini?"

Akafumba mdomo. Namjua akifumba mdomo. Hata umwagie maji, haufunguki.

Nilikuwa nimemaliza upande wote wa kushoto. Ulikuwa unang'aa kama sufuria. Upande wa kulia ulikuwa bado msitu. Nikazima mashine, nikaichomoa kwenye umeme, nikaukumbatia waya wake.

"Redio. Endelea."

"Nusu ya ukweli, nusu ya kichwa. Mimi ni mtu wa haki."

Akajitazama kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza siku ile nilimwona ameogopa. "Siwezi kutoka hivi!"

"Vizuri sana. Sikutaka utoke."

"Redio, huu si mchezo wa bwenini!"

"Na mimi si mteja wako!" Sasa sauti ilikuwa imenitoka yote. "Miaka miwili! Nimekwambia kila kitu, hadi ndoto zangu, hadi ile ya mbuzi! Nawe unaninyima sentensi moja? Unakwenda mahali wanapokupa bunduki, Ngazi. Mahali ambapo watu hawarudi. Nikiulizwa kwa nini kaenda, nijibu nini? Niseme nilimnyoa lakini sijui?"

Machozi yalikuwa yanakuja na nilikuwa nimeyakataza kabisa. Ndipo mlango wa nyuma ukafunguliwa.

Fundi alisimama pale, fulana ya ndani, alama ya mto shavuni. Aliniangalia. Akaiangalia mashine kifuani mwangu. Akamwangalia mwanawe, upande wa kushoto, kisha upande wa kulia.

"Shikamoo, baba," nilisema. Tumelelewa.

"Marahaba." Akasogea, akainama, akapitisha kidole gumba juu ya ule upande ulionyolewa. "Nani kanyoa hapa?"

"Mimi."

"Umekwenda kinyume cha nywele vizuri. Hapa juu ya sikio umekosea." Kisha nadhani usingizi ukamtoka wote, kwa sababu aliunyoosha mgongo na uso wake ukabadilika rangi. "Nilisema nini katika nyumba hii?"

"Ulisema, baba," Ngazi alijibu.

"Nilisema wembe wa duka hili hautakunyoa kwenda huko!"

"Na mashine si wembe," nilichomekea. Wote wawili walinigeukia. Nikaona nichunguze feni.

"Kiti hicho ulichokalia," Fundi alisema, akimwelekezea mwanawe kidole, "babu yako alikibeba kichwani kutoka stesheni. Mimi nimesimama nyuma yake hadi miguu imevimba. Kwa ajili ya nani? Nimekupa kazi, nimekupa jina, nimekupa wateja wanaokuja kabla jogoo hajawika. Umekosa nini? Sema! Njaa? Umelala njaa lini?"

"Sijalala njaa."

"Umepigwa?"

"Hapana, baba."

"Basi umerogwa!"

"Niliulizwa," Ngazi alisema.

Alisema taratibu sana.

"Siku ya usaili kulikuwa na afisa mmoja, mama mtu mzima. Tulikuwa tumepanga foleni. Mimi nilikwenda kumsindikiza rafiki tu, nikaona nipange na mimi. Nilipofika mezani kwake akaweka kalamu chini, akaniuliza, 'Kijana, wewe unataka nini?' Nikashindwa kujibu. Nilisimama pale hadi wa nyuma wakaanza kunung'unika." Akakung'uta nywele kwenye kitambaa. "Baba, nilikuwa natafuta mara ya mwisho nilipoulizwa hivyo. Sikuipata."

"Mtoto anaulizwa?" Fundi alifoka. "Mimi niliulizwa?"

"Na mimi?" nilidakia, maana nilihisi kama nimechomwa sindano. "Mimi nilikuwa wapi? Kila siku naongea na wewe!"

"Unaongea, Redio." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniudhi. "Uliniambia saluni yetu itapakwa rangi ya zambarau. Uliniambia tutakuwa na upande wa wanawake, na watoto wawili, wa kwanza wa kike. Hukuniuliza."

"Na wewe una mdomo wa kazi gani? Wa kupulizia vumbi la nywele? Ungesema, 'Sitaki zambarau'!"

"Ulikuwa unaongea vizuri. Niliona aibu kukukatiza."

Hebu fikiria. Mtu anaficha moyo wake wote kwa adabu! Nilitaka kumpiga na ile brashi ya poda. Nilitaka pia kumkumbatia. Nilichofanya ni kuuvuta waya wa mashine hadi ukanifinya kidole.

"Ukamjibu nini huyo mama?" niliuliza. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine.

Ngazi alimtazama baba yake kwenye kioo, si uso kwa uso.

"Nilisema nataka kazi ambayo nikikosea, nijue ni mimi, na nikipatia, nijue ni mimi. Hapa nikinyoa vizuri, mteja anasema, 'Mkono wa Fundi huo.' Nikinyoa vibaya, anasema, 'Huyu hajamfikia baba yake.' Sijui kama mimi ni kinyozi mzuri, baba. Sitajua kamwe. Siendi kwa sababu ya kofia wala taifa. Nakwenda mahali ambapo hakuna anayekujua."

Hasira ikanipanda upya. Alimwambia mgeni mwenye nyota mabegani. Mgeni, aliyekaa naye muda wa kunywa chai! Mimi niliyelia begani kwake nilipofeli hesabu, mimi niliyeficha mashine yake ndani ya mkate, ndiye wa kuja kulisikia jambo hili leo, tena kwa sababu nimemshikilia mateka.

Mlango wa mbele ukagongwa. Mteja akachungulia, mzee wa kofia ya sufi. "Fundi, mmefung..." Akakiona kichwa. Kinywa kikabaki wazi.

"Tumefunga!" Fundi alinguruma, na mlango ukajifunga wenyewe.

Alisimama muda mrefu akikitazama kile kichwa. Niliona mateso yake. Mtu huyu hajawahi kumwacha mteja atoke dukani na unywele mmoja umesimama. Aliwahi kumfuata bwana mmoja hadi kwenye harusi yake kumrekebishia ndevu. Sasa mbele yake kulikuwa na nusu ya kazi, juu ya mwanawe wa pekee, na kuimaliza kulikuwa ni kumfungulia mlango.

"Lete," aliniambia, akinyoosha mkono.

Nikampa mashine. Akaipuliza, akaitia tone la mafuta, akaichomeka. Nikafumba macho. Nilipofumbua, Fundi alikuwa bado hajanyoa. Alikuwa ameigeuza mashine, mpini mbele, na kumpa mwanawe.

"Kichwa ni chako," alisema. "Nyoa mwenyewe. Tuone."

Kisha akaenda kukaa kwenye benchi la wanaosubiri, mahali ambapo sidhani kama aliwahi kukaa tangu duka lifunguliwe, akageuza uso ukutani.

Ngazi akawasha mashine. Mbele aliweza. Pembeni aliweza. Alipofika kisogoni akasimama, na bila kuambiwa nikachukua kile kioo kidogo nikaenda nyuma yake, nikakiinua. Sasa aliniona katika vioo viwili, nami nikamwona, na macho yale yakatulia juu yangu kutoka pande zote. Hapakuwa na pa kukimbilia.

"Umekasirika," alisema kwenye kioo.

"Nimekasirika tangu nivae viatu. Na sikuahidi kitu, nataka ujue. Sitakaa dirishani. Sitakonda. Akija mtu mwenye mdomo unaofanya kazi, nitamsikiliza."

"Sawa."

"Usiseme sawa!"

"Redio." Alizima mashine. Benchini Fundi alikohoa, akaendelea kuutazama ukuta. "Wewe unataka nini?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na majibu tele: chuo alichonichagulia mjomba, kozi aliyoipenda mama, rangi ya zambarau niliyoiona kwenye gazeti la dada. Niliyageuza yote, moja moja. Hakuna lililokuwa langu. Mimi, Redio, nilisimama na kioo mkononi, na duka zima likasikia feni.

Hasira niliyoipata hapo ilikuwa kubwa kuliko zote, na haikuwa ya Ngazi tena, ingawa ndiye aliyekuwa karibu. Kumbe hata mimi. Watu wote wale waliopanga maisha yangu mezani, wakapitishiana chumvi juu ya kichwa changu, na mimi nikidhani kwa vile naongea sana, basi ninasikika.

"Mafunzo ni muda gani?" niliuliza.

"Nusu mwaka kabla ya likizo."

"Ukirudi, uniulize tena. Hilohilo. Usibadilishe neno."

"Nitauliza."

"Na usiulizie kwenye kioo."

Akatabasamu, tabasamu la mtu mwenye kichwa kikubwa kuliko nilivyodhani, na akawasha mashine amalizie. Niliinamisha kioo kidogo. Kidogo tu, upande. Kwa hiyo hakuona kile kishungi alichokiacha chini ya kisogo, upande wa kulia, kama manyoya ya kifaranga. Nilikiona mimi. Nilikitazama kwa hasira yangu yote na kwa mapenzi yangu yote, nikafikiria vidole vyake vitakapokigundua kesho, mbali, kati ya watu wasiomjua, na jinsi atakavyojua papo hapo ni nani aliyekuwa ameshika kioo.

"Pako safi?" aliuliza, akigeuka huku na huku.

"Safi," nilisema.

Fundi aliinuka benchini. Alikuja na brashi ya poda, akamfuta mwanawe shingo, na brashi ilipofika kwenye kile kishungi ikasimama. Akaniangalia juu ya kile kipara. Nikamwangalia. Mkono wake wa kushoto ulikwenda mfukoni, mahali anapoweka wembe, ukakaa humo.

Kisha akautoa mtupu, akauweka ule mkono begani kwa mwanawe, na kushusha pumzi mara mbili.

"Safi," alisema Fundi. "Nenda."